Sura ya Saba: Siku Elfu Moja, Mradi wa Miezi Sita

Mito mingi inaingia Ziwa Tanganyika. Unaotoka ni mmoja tu, Lukuga, unaoelekea magharibi hadi kujiunga na Lualaba. Mji wa Kalemie umejengwa pale unapotokea. Wabelgiji waliuita Albertville kwa jina la mfalme wao. Mwaka 1915 reli kutoka Kabalo ilifika ziwani, bandari ikajengwa, baadaye kikaja kiwanda cha nguo cha Filtisaf, na mji ukawa njia panda ya Katanga, Maniema, Kivu na Kigoma. Tangu Katanga ilipogawanywa mwaka 2015, Kalemie ni makao makuu ya jimbo la Tanganyika. Na mji ulio njia panda hupokea kila mtu: mchuuzi wa dagaa, askari, na mama aliyetembea siku kadhaa akiwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi.

Akina mama hao walifika kwa maelfu. Kuanzia 2013, na kwa ukali zaidi mwaka 2016 na 2017, jamii mbili za jimbo hili, Batwa na Baluba, zilipigana. Mzizi wa ugomvi ulikuwa wa zamani: ardhi, ujira mdogo wa Mtwa katika shamba la jirani yake, viti vya uchifu ambavyo Batwa hawakupewa, na dharau ya kila siku. Vijiji vilichomwa, mamia ya shule yakaharibiwa, na watu zaidi ya nusu milioni wakayahama makazi yao. Waliokuja Kalemie walianza kwa kulala madarasani, kisha wakajenga vibanda vya miti na nyasi Katanika, Kalunga, Kabembe na kwingineko pembezoni mwa mji. Oktoba 2017 Umoja wa Mataifa uliitangaza Tanganyika, pamoja na Kasai na Kivu Kusini, kuwa dharura ya ngazi ya tatu, ambayo ndiyo ya juu kabisa. Magari meupe yakaongezeka barabarani, na ndani ya baadhi yake walikuwamo watu ambao sura hii inawahusu: wataalamu wa malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto.

Watu hawa aghalabu hufika mwisho. Kwanza huja wa maji na vyoo, wa chakula, wa chanjo na wa mahema. Baadaye huja wa ulinzi wa mtoto, wanaotafuta waliopotezana na wazazi na waliotumikishwa na makundi ya silaha. Bajeti ikisalia, ndipo humkumbuka mtoto wa miaka miwili ambaye hajapotea, hajajeruhiwa na wala hana utapiamlo mkali, ila tangu kijiji chake kiungue hacheki tena. Uchambuzi wa muungano wa mashirika uitwao Moving Minds Alliance ulikadiria kwamba mwaka 2017 huduma za mtoto mdogo zilipata takriban asilimia 2 tu ya fedha za misaada ya kibinadamu duniani, na karibu zote zilikwenda kwenye afya na lishe. Kucheza, kuongea na mtoto, kumtuliza mama aliyevunjika moyo, hayo yalipata makombo.

Hoja yangu katika sura hii ni moja. Kazi hii ni ya miaka, lakini inalipiwa kwa miezi. Kila aliyeifanya Kalemie, awe mgeni kutoka Geneva au mwalimu wa kike wa kambini Katanika, ameishi katikati ya hesabu hizo mbili zisizolingana.

*

Tuanze na hesabu ya mtoto. Siku 270 za mimba na siku 730 za miaka miwili ya kwanza ndizo zile siku elfu moja zinazotajwa katika kila semina. Katika siku hizo ubongo hukua kwa kasi usiyokuwa nayo tena maishani. Mfululizo wa makala uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2016 ulikadiria kwamba watoto milioni 249 walio chini ya miaka mitano katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani asilimia 43 yao, walikuwa hatarini kutofikia uwezo waliozaliwa nao. Kusini mwa Sahara walikuwa asilimia 66. Vipimo vilivyotumika ni viwili tu, udumavu na umaskini uliokithiri. Vita na ukimbizi havimo kwenye hesabu hiyo. Nchini Kongo kwenyewe, utafiti wa kitaifa wa kaya wa 2017 na 2018 ulikuta takriban asilimia 42 ya watoto wa umri huo wamedumaa.

Taaluma hii ilipata ushahidi wake mkubwa kisiwani Jamaika. Mwaka 1986 na 1987, Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwachukua watoto 129 waliodumaa katika vitongoji maskini vya Kingston. Baadhi yao walitembelewa nyumbani na mhudumu wa afya wa jamii, saa moja kila wiki, kwa miaka miwili. Mhudumu hakuwa na shahada. Alikuja na vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa takataka za nyumbani, akaketi na mama, akamwonyesha namna ya kumwita mtoto kwa jina, kumsikiliza akibwabwaja na kumjibu. Miaka 20 baadaye watafiti waliwatafuta watoto wale, sasa watu wazima, wakakuta kwamba waliotembelewa walikuwa wanapata kipato kilichozidi kwa asilimia 25 kile cha wenzao wasiotembelewa. Walikuwa wamewafikia majirani ambao hawakuwahi kudumaa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2014 katika jarida la Science, na leo hayakosi katika maombi ya fedha ya mashirika.

Mara nyingi, hata hivyo, yanayonukuliwa ni matokeo bila masharti yake. Ilikuwa kila wiki, kwa miaka miwili. Hakuna aliyewahi kuonyesha kwamba ziara za miezi minne zilizokatika kwa sababu fedha zimeisha zinaleta asilimia 25.

Kwetu pwani ushahidi ni wa aina nyingine, na naupenda zaidi. Miaka ya 1980 wazee wa Kiislamu wa Mombasa walimwomba Aga Khan awasaidie watoto wao waingie shule ya msingi wakiwa wameandaliwa bila kuacha dini na mila zao. Kazi ilikabidhiwa mwalimu mmoja, Bi Swafiya Said, ambaye mwaka 1986 alianza kuwafundisha wanawake wa mtaani kuwa walimu wa shule za awali zilizounganishwa na madrasa. Nyimbo zilikuwa za Kiswahili, vifaa vilikuwa vifuu, kokwa, mbegu na makuti, na kamati ya shule ilikuwa ya watu wa mtaa wenyewe. Mpango ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda 1993. Baadaye ukaanzisha mifuko midogo ya akiba ili faida yake isaidie kuendesha shule hizo baada ya wafadhili kuondoka. Mwaka 2008 watafiti Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba watoto wa shule hizo waliendelea vizuri zaidi ya wenzao waliobaki nyumbani, na hata ya waliosoma shule nyingine za awali. Bi Swafiya hakuja na sanduku. Alikuja na muda, na mtaa wenyewe ukamwongezea muda.

*

Kalemie masanduku yapo. Sanduku maarufu la UNICEF la mtoto mdogo limekusudiwa watoto wapatao 50, na bohari kuu ya shirika hilo iko Copenhagen. Ndani yake mna vitalu vya kujengea, vikaragosi vya mkononi, picha za kupanga, mipira, sabuni. Ni vitu vizuri, na mtoto aliyepoteza kila kitu anastahili kitu kizuri. Ila vipande hupotea, mipira hupasuka, na wiki ya nane ikifika anayebeba kazi yote ni madamu.

Ndivyo watoto wa Kongo wanavyomwita mwalimu wao wa kike. Katika karatasi za mradi cheo chake ni encadreuse, na mahali anapofanyia kazi panaitwa espace ami des enfants: turubai au paa la bati juu ya nguzo, mikeka chini, ndoo ya maji yenye bomba pembeni. Kwa kawaida amemaliza sekondari na ana diploma ya taifa, ile inayoitwa D6. Mara nyingi naye ni mhamishwa, aliyekimbia moto uleule walioukimbia watoto. Amepata mafunzo ya siku chache. Mbele yake huwa na watoto wengi kuliko idadi yoyote ambayo mwongozo unaruhusu, na kati yao wamo waliokuja na wadogo zao mgongoni, maana mama ameenda kulima kibarua au kutafuta kuni.

Angalia anachofanya asubuhi moja, utaona kwamba ni utaalamu kamili. Anawapanga kwenye duara, mtoto wa Mtwa karibu na mtoto wa Mluba, bila kutangaza kwamba amefanya hivyo. Anaanza na wimbo ambao wote wanaujua, kwa sababu mtoto aliyetishika hutulia anapokuta kitu anachokitambua. Anawatambua waliokaa kimya. Hawalazimishi kucheza, anawapa kazi ndogo ya kushika ndoo au kugawa vikombe, wakae karibu naye. Anayepigana kila siku hamfukuzi. Mchana anapita kwenye vibanda, anaongea na mama, na akiona mkono wa mtoto umekonda anamwambia reko, mhudumu wa kujitolea wa afya ya jamii, naye anakuja na utepe wa kupima mkono. Jioni anaandika ripoti kwa Kifaransa.

Malipo yake huitwa prime, si mshahara. Yamefungwa kwenye mkataba wa mradi. Mradi wa dharura wa miezi sita humpa, ukiondoa muda wa maandalizi na wa kufunga hesabu, kama miezi minne ya kuwa na watoto. Kisha turubai hukunjwa, au hubaki bila mtu. Baada ya muda shirika lingine hushinda fedha nyingine, huleta jina jipya la mradi na mafunzo mapya ya siku chache, na pengine huajiri mtu mwingine.

Mtoto wa miaka mitatu hajui mfadhili ni nani. Anachojua ni kwamba madamu alikuwa anakuja kila asubuhi, na sasa haji. Kwa mtoto ambaye tayari amempoteza baba au nyumba, hilo ni pigo jingine, na limeletwa na watu waliokuja kumtibu. Sentensi hii ni nzito na naiandika nikijua uzito wake. Sayansi yote ya taaluma hii imesimama juu ya uhusiano wa kudumu kati ya mtoto na mtu mzima anayemjibu. Mkataba mfupi huuvunja uhusiano huo kwa tarehe iliyopangwa.

Njia ya serikali ilipaswa kuwa jibu. Katiba ya 2006 iliahidi elimu ya msingi ya bure, na Septemba 2019 utekelezaji ulianza kwa kishindo. Shule ya maternelle, ya watoto wa miaka mitatu hadi mitano, haikuingia kwenye ahadi hiyo. Wazazi wanalipa, na walimu wengi hawajamekanizwa, yaani majina yao hayajaingia katika orodha ya mishahara ya serikali. Kwa hiyo madamu aliyepata ujuzi miaka mitatu kambini, mradi ukiisha, hana mlango wa kubisha. Anarudi sokoni kuuza unga wa muhogo, na ujuzi unaenda naye.

*

Kuna mahali pamoja mjini ambapo wataalamu hawa hawana haja ya kuomba nafasi, maana wamekwisha kupewa na kitabu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kumtibu mtoto mwenye utapiamlo mkali una hatua 10. Ya kwanza ni kuzuia sukari ya damu kushuka, ya pili ni kuzuia baridi ya mwili, na kuendelea. Hatua ya tisa ni kumchangamsha mtoto na kumpa upendo: kucheza naye, kuongea naye, kumshirikisha mama. Haimo humo kama pambo. Mtoto mwenye njaa kali hunyamaza, halii, hanyoshi mkono. Mama naye, akiwa amechoka na kukata tamaa, huacha kumwita. Maziwa ya tiba hurudisha uzito wa mwili, ila ukimya huo hauondoki kwa maziwa.

Kaskazini mwa Uganda, katika wilaya ya Kitgum, kambi za wahamishwa wa vita vya waasi wa LRA zilitoa somo ambalo Kalemie inaweza kulichukua kama lilivyo. Watafiti waliwalinganisha akina mama waliopata chakula cha dharura peke yake na waliopata chakula hicho pamoja na vikao vya kuwachangamsha watoto wachanga na ziara za nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Waliopata vyote viwili walicheza na watoto wao zaidi, walikuwa na vitu vingi zaidi vya kuchezea, na huzuni na wasiwasi wao ulipungua. Tafsiri yangu ya utafiti huo ni kwamba mtaalamu wa mtoto mdogo na muuguzi wa lishe wanapaswa kukaa chumba kimoja. Kalemie mara nyingi wanakaa katika mashirika mawili, yenye bajeti mbili na mikutano ya uratibu miwili tofauti.

Na wote wawili wanamtegemea fundi wa bomba. Kalemie ni miongoni mwa miji ya ziwa ambako kipindupindu hakiishi. Huinuka, hulala, huinuka tena. Mwaka 2013 na 2014 chanjo ya matone ya kipindupindu ilitolewa mjini humo. Familia nyingi huchota maji ziwani, palepale wanapofulia na kuogea. Huko Uvira, kwenye kichwa cha ziwa, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba maji ya bomba yakikatika, siku zinazofuata wagonjwa huongezeka kituoni. Kisha ziwa lenyewe likapanda: mwaka 2024 maji yaliingia mitaani na majumbani mwa watu wa ufukweni. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia walitoa mwongozo wa pamoja unaotaja nguzo tano za malezi: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ulinzi na usalama, na ujifunzaji wa awali. Kwenye karatasi nguzo hizo zimesimama sawasawa. Kwenye mchanga wa Kalemie, ya afya ikigongwa na maji machafu huziangusha nyingine nne kwa wiki moja.

*

Kuna swali jingine ambalo wageni wa taaluma hii hawapendi kuulizwa, na wenyeji wanaliuliza kwa sauti ndogo: nani alisema mtoto wa hapa hakuwa analelewa?

Watu wa ziwa hili wana sababu ya kuuliza. Kusini mwa Kalemie kuna Mpala, ambako Mbelgiji Émile Storms alijenga kituo mwaka 1883 na kukikabidhi kwa Mapadri Weupe mwaka 1885. Mapadri waliwakomboa watoto kutoka utumwani, wakawalea ndani ya misheni, wakawa mbegu ya jamii ya Kikristo waliyoitaka. Huko kusini zaidi, kampuni ya madini ya Union Minière iliamua mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwaweka wafanyakazi na wake zao katika kambi za kudumu, ikafungua kliniki za watoto wachanga na kuwasimamia akina mama namna ya kulisha na kuachisha ziwa. Vifo vya watoto vilipungua, na hilo ni jema. Lakini lengo lilikuwa nguvukazi, na mama alikuwa mtu wa kusahihishwa. Kumbukumbu hiyo haijafa. Mgeni anapomfundisha bibi wa Kiluba namna ya kumwimbia mjukuu, inaamka.

Aliyeitetea Afrika katika jambo hili kwa uthabiti kuliko wote ni mwanasaikolojia wa Kameruni, Bame Nsamenang, aliyefanya kazi Bamenda na kufariki mwaka 2018. Alisema kwa maandishi ya miaka mingi kwamba sayansi ya makuzi iliyojengwa juu ya mama mmoja na mtoto mmoja sebuleni haimwoni mtoto wa Kiafrika, anayekua mikononi mwa dada, kaka, shangazi na jirani, akijifunza kwa kushiriki kazi za nyumbani. Na ushahidi wa kimataifa kuhusu jambo hilo ulitoka Kongo kwenyewe. Miaka ya 1980 Edward Tronick na Gilda Morelli, pamoja na wenzao, walikaa na Waefe wa msitu wa Ituri. Walikuta kwamba mtoto wa takriban miezi minne hutumia zaidi ya nusu ya muda wake kwa watu wengine wasiokuwa mama yake, akipokewa mkono kwa mkono, akinyonyeshwa hata na wanawake wengine wa kambi. Vitabu vya wakati ule vingetabiri mtoto asiyetulia. Watoto walikuwa salama.

Sisemi kwamba kila la asili ni jema. Mtoto hupigwa Kalemie kama anavyopigwa kwingine, msichana wa miaka saba hubebeshwa mdogo wake mchana kutwa na kukosa shule, na wazazi wengi huamini kwamba mtoto mchanga hana haja ya kusemeshwa kwa kuwa haelewi. Hayo yanahitaji kubadilishwa. Ila mtaalamu anayejua kwamba mtoto hapa ana walezi wengi atawaita wote: baba, bibi, dada mkubwa. Asiyejua atamwita mama peke yake, atamkuta amechoka, na ataandika kwamba wazazi hawana mwamko. Vita vilipowatawanya watu, vilichoharibu kwanza ni mtandao huo wa mikono mingi. Kwa hiyo kazi ya kitaalamu kabisa katika kambi ya Kalunga ni kumtafutia mama bibi, hata kama si bibi wa damu. Jambo hilo halina sanduku lake Copenhagen.

*

Sasa tuvuke ziwa. Upande wa pili, Tanzania ilizindua mwezi Desemba 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, PJT-MMMAM, ya miaka mitano kuanzia 2021/22. Msamiati wote wa kazi upo pale kwa Kiswahili. Kigoma iko mbali na Kalemie kwa usiku mmoja wa meli. Familia za Kongo zimekuwa zikivuka kwenda kambi ya Nyarugusu tangu 1996. Watoto waliozaliwa huko wamesikia Kiswahili hicho wakiwa matumboni mwa mama zao.

Lakini njia ya ofisi si njia ya meli. Katika UNICEF, Tanzania na Burundi ziko chini ya ofisi ya kanda ya Nairobi. Kongo iko chini ya Dakar. Kitini cha Kiswahili kilichotungwa upande mmoja wa ziwa kingelazimika kuzunguka bara zima kufika upande wa pili, na kule kinakofikia kazi inafanywa kwa Kifaransa. Ndiyo maana madamu wa Katanika husoma mwongozo wa Kifaransa, huufikiri kwa Kiswahili cha Kalemie, huufundisha kwa Kiswahili hicho, kisha huurudisha kwenye Kifaransa ili mfadhili ausome, ambaye huenda ataomba ufupisho wa Kiingereza. Sheria ya elimu ya Kongo ya mwaka 2014 inaruhusu lugha za taifa zitumike mwanzoni mwa masomo, na Kiswahili ni mojawapo ya hizo nne. Kinachokosekana ni uamuzi wa kuzitumia.

Mafunzo ya juu ya taaluma hii nayo yalipita mbali na Kalemie. Mwaka 2001 Alan Pence wa Chuo Kikuu cha Victoria, Kanada, alianzisha chuo cha masafa kwa viongozi wa Kiafrika wa sekta hii. Wanafunzi walibaki kazini nchini mwao, wakasoma kwa miaka mitatu, wakaandika juu ya matatizo ya nchi zao. Kwa maoni yangu ulikuwa mpango bora kuliko yote iliyowahi kufanywa, kwa kuwa haukumtoa mtu nyumbani. Tanzania na Uganda zilikuwamo. Kongo, yenye watoto wengi kuzipita karibu nchi zote za bara hili, haikuwamo. Masomo yalikuwa kwa Kiingereza. Kalemie kuna chuo kikuu na kuna taasisi ya juu ya ualimu. Kozi ya namna ile, kwa Kifaransa na Kiswahili, ingewapata wanafunzi wake miongoni mwa wale ambao leo wanaitwa tu encadreuse.

Mwaka 2016 wafadhili wakubwa na mashirika waliahidi Istanbul kwamba ifikapo 2020 robo ya fedha za misaada ya kibinadamu ingepitia mikononi mwa wenyeji kwa njia fupi kadiri iwezekanavyo. Haikufika hata karibu. Kisha Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje. Mwaka uliotangulia Marekani ilikuwa imetoa takriban asilimia 70 ya fedha zote za kibinadamu nchini Kongo. Mwezi uleule wa Januari 2025 Goma ilitekwa na waasi wa M23, Februari ikafuata Bukavu, na watu wa Kivu Kusini wakaanza kushuka ziwa kwa boti hadi bandari ya Kalemie. Fedha ziliondoka wakati watoto wapya wanashuka kwenye boti.

Waliobaki ni wale waliokuwapo kabla ya dharura ya 2017: madamu, reko, muuguzi wa kituo cha afya, parokia, kamati ya wazazi. Wengine wanaendelea bila prime. Hilo lisisifiwe kwa maneno matamu. Mwanamke anayelea watoto arobaini wa wenzake akiwa na njaa anadaiwa mshahara, na tunaomdai afanye kazi hiyo tunajulikana.

Kwa hiyo ombi langu linakwenda kwa wenye kalamu za bajeti, Kinshasa na ng'ambo. Ingizeni maternelle katika elimu ya bure, hata kwa kuanza na mwaka wa mwisho tu. Mekanizeni madamu waliokwisha kufundishwa kambini. Majina yao yamo katika ripoti za mashirika yote. Na mfadhili anayetaka kuweka jina lake juu ya mtoto wa Kalemie asikubali mkataba ulio chini ya miaka mitatu; uwe wa mlezi mmoja, katika mtaa mmoja, kwa Kiswahili. Akishindwa miaka mitatu, fedha zake azipeleke kwenye bomba la maji.